Kuandaa Jioni ya Muziki, Video, Ngoma na Filamu Fupi: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kuwakusanya majirani, wanakikundi au jamaa waishio ughaibuni, watu ishirini hadi hamsini hivi, ili kila mmoja awaonjeshe wenzake muziki, video ya muziki, ngoma au filamu fupi anayoipenda. Kazi hizi siku hizi hutumwa kwa simu, hufunguliwa kwa sekunde chache, kisha hupitwa. Ukumbini mtu hukaa na kazi moja mpaka iishe, na hapo ndipo huelewa kwa nini mwenzake aliichagua. Kwa hiyo kanuni ninayoifuata, ambayo hatua zote zilizo hapa chini zimejengwa juu yake, ni hii: kazi ziwe chache, na kila moja ionyeshwe au ipigwe hadi mwisho.

Hatua ya 1: Pokea mapendekezo kwa mpaka

Tangaza wiki mbili kabla kwamba kila anayetaka kuleta kitu ataleta kazi moja tu. Mtu akiruhusiwa kuleta tatu ataleta tatu, na jioni nzima itakuwa yake. Pamoja na jina la kazi, mwombe akuandikie urefu wake kwa dakika na sentensi moja inayosema anataka wenzake wasikilize au watazame nini hasa ndani yake. Sentensi hiyo ina faida kuliko inavyoonekana, kwa sababu anayeandika “nyimbo nzuri sana” mara nyingi bado hajaamua, lakini anayeandika “sikilizeni gita la pili linavyoingia baada ya ubeti wa tatu” amekwisha kukupa utangulizi wa kazi yake.

Jumlisha dakika. Kwa jioni yenye urefu wa saa mbili na nusu, kazi zenyewe zisizidi dakika tisini. Muda unaobaki utaliwa na utangulizi, mazungumzo, mapumziko ya chai na vifaa vinavyogoma. Mapendekezo yakizidi, yasogeze kwenye jioni ijayo badala ya kuyapunguza urefu.

Hatua ya 2: Tafuta nakala iliyo kamili

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, hasa kwa muziki wa zamani, kwa kuwa nyimbo nyingi zinazozunguka mtandaoni ni nusu ya wimbo bila msikilizaji kujua. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri za mizunguko 78 kwa dakika zilikuwa na nafasi ya takriban dakika tatu kila upande, kwa hiyo wimbo wa taarabu ambao barazani ungeweza kwenda kwa muda mrefu ulilazimika kutoshea humo. Hilo haliwezi kurekebishwa leo, na msikilizaji anapaswa kuambiwa tu. Hali ni tofauti kwa muziki wa dansi wa miaka ya 1960 na 1970. Santuri ndogo za mizunguko 45 ziligawa wimbo mmoja katika pande mbili, na waliozihamishia kwenye kompyuta mara nyingi waliziacha hivyo hivyo, upande wa kwanza kama faili moja na wa pili kama faili jingine, wakati mwingine chini ya majina yasiyofanana.

Anayejua dansi ataona mara moja hasara iliyopo. Wimbo wa bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, au Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, huanza kwa mwendo wa pole, mwimbaji akieleza kisa chake na waitikiaji wakimpokea. Kisha maneno hupungua, magita hushikana, tarumbeta na saksafoni hujibizana, na wimbo huingia kwenye chemko. Kwenye rumba ya Kongo sehemu inayofanana na hiyo ni sebene. Ukipiga upande wa kwanza pekee umewasimulia watu mgogoro wa wapenzi ukawanyima dansi, ilhali kisa hicho kilitungwa ili kiwafikishe watu kwenye uwanja wa kuchezea. Kwa hiyo, wimbo wowote wa dansi unaofifia ukiwa ndiyo kwanza unachangamka, uushuku, na utafute sehemu yake ya pili.

Ukizipata sehemu zote mbili, ziunganishe kwa programu ya bure kama Audacity. Ziweke faili mbili moja baada ya nyingine, ondoa ukimya ulio kati yake, kisha zifanye zipishane kwa sekunde moja au mbili ili sauti ya kwanza ishuke huku ya pili ikipanda. Usijaribu kuficha kiungo hicho kwa ufundi mwingi. Sikiliza tu kwamba mapigo ya ngoma hayaruki, hifadhi kazi yako kama faili jipya, na faili mbili za asili usiziguse.

Kwa taarabu, tahadhari ni nyingine. Rekodi za ukumbini za vikundi kama Culture Musical Club huwa na utangulizi mrefu wa ala kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na video zake huonyesha wasikilizaji wakiinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Waandaaji wengi huviona vitu hivyo kuwa vya kukatwa. Kwangu mimi viachwe vyote, kwa sababu mtu anayeinuka na noti mkononi wakati ubeti fulani unaimbwa anasema jambo kuhusu ubeti huo, na pengine kuhusu mtu fulani aliyeketi ukumbini.

Hatua ya 3: Omba ruhusa

Kusikiliza nyumbani na kuonyesha hadharani ni mambo mawili mbele ya sheria, hata kama hakuna kiingilio. Kwa Tanzania Bara pa kuanzia kuuliza ni Ofisi ya Hakimiliki, yaani COSOTA. Zanzibar ina COSOZA, na Kenya ina KECOBO. Kwa filamu, uliza pia Bodi ya Filamu Tanzania, au bodi inayopanga madaraja ya filamu kwa upande wa Kenya. Anayeandaa Oman au Ulaya aulize taasisi za huko.

Kwa filamu fupi na video za wasanii wachanga, mwandikie mwenyewe moja kwa moja. Mtaje ukumbi, tarehe na idadi ya watazamaji, na umwombe faili lenye ubora kamili. Wengi hujibu haraka, na faili linalotoka kwa mwenye kazi huwa safi kuliko lolote lililonyofolewa mtandaoni. Mwambie alitume kwa kiungo cha kupakua au, akitumia WhatsApp, alitume kama hati, kwa sababu video ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza ubora, jambo ambalo simuni halionekani lakini ukutani huonekana wazi.

Hatua ya 4: Chagua video za ngoma kwa macho ya mchezaji

Video ya ngoma iliyopigwa vizuri kwa macho ya mpiga picha inaweza kuwa haifai kabisa kwa anayetaka kuiona ngoma. Kamera inayoruka kutoka uso hadi uso huficha miguu, na ngoma nyingi zetu ziko miguuni au kiunoni. Ukitazama msewe wa Pemba, ambao wachezaji wake hufunga njuga miguuni, unahitaji kuona nyayo zikigonga huku ukisikia njuga zenyewe. Katika sindimba ya Wamakonde lazima kiuno na ngoma viwe kwenye picha moja, la sivyo hutajua ni nani anayemwongoza mwenzake. Kwa hiyo pendelea picha ya mbali iliyotulia, hata kama imepigwa kwa simu ya mtu aliyesimama pembeni, kuliko video iliyohaririwa kwa mbwembwe. Kigezo hicho hicho kitumike kwa isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na kwa wapiga ngoma wa Burundi, walioorodheshwa na shirika hilo mwaka huohuo: video isiyoonyesha wanavyoingia uwanjani wakiwa wamezibeba ngoma kichwani imeanza katikati.

Ziko ngoma ambazo hazifai kuonyeshwa mbele ya kila mtu. Ngoma za unyago na jando ni mafunzo yenye wenyewe, na kupatikana kwa video yake mtandaoni si ruhusa. Mtu akikuletea ya namna hiyo, zungumza naye kando kabla ya siku ya tukio, na ikibidi waulize wazee au akina mama wenye ngoma hiyo.

Ikiwa miongoni mwa wageni yupo anayeijua ngoma inayoonyeshwa, mwombe mapema awafundishe watu hatua mbili tatu mara video inapokwisha. Acha nafasi wazi mbele ya viti.

Hatua ya 5: Filamu fupi ziwe moja au mbili

Filamu ya hadi dakika arobaini huhesabiwa kuwa fupi katika mashindano mengi, lakini kwa jioni iliyochanganyika dakika ishirini ni nyingi. Chagua filamu yenye mazungumzo yanayosikika. Ukumbi wenye dari la mabati na sakafu ya saruji humeza maneno, hivyo filamu iliyosikika vizuri kwenye spika za masikioni inaweza isieleweke hata neno moja humo. Kama ina maandishi ya tafsiri katika faili la pembeni, lipe faili hilo jina lilelile la video na uliweke kwenye folda moja nayo. Programu ya VLC italifungua yenyewe. Kisha kaa mstari wa mwisho uhakikishe kwamba maandishi yanasomeka.

Hatua ya 6: Panga mfululizo

Filamu itangulie ngoma. Watu wakishacheza hawatulii tena vitini, na mtayarishaji wa filamu hastahili kushindana na watu wanaohema na kucheka. Mpangilio ninaoupenda ni kuanza na wimbo mmoja unaojulikana na wote wakati watu wakiingia, kisha video moja au mbili za muziki, filamu, mapumziko, taarabu wakati watu wanamalizia chai, halafu ngoma na dansi mwishoni. Usiweke kazi mbili za huzuni zikifuatana, na usimweke msanii chipukizi baada tu ya gwiji.

Hatua ya 7: Jaribu vifaa ndani ya ukumbi wenyewe

Jaribio la sebuleni halitoshi. Nenda ukumbini siku moja kabla, saa ileile ambayo tukio litafanyika, ili uone mwanga unavyoingia madirishani. Funga projekta, kompyuta na spika, kisha angalia mambo manne. La kwanza ni njia ya sauti: ukiunganisha kompyuta na projekta kwa waya wa HDMI, mara nyingi sauti huhamia kwenye kispika kidogo cha projekta, na lazima uirudishe kwa mkono kwenye spika kubwa kupitia mipangilio ya sauti. La pili ni spika za Bluetooth, ambazo huchelewesha sauti. Cheza video ya mtu anayepiga ngoma, utazame kiganja kikishuka. Ukisikia mlio baada ya kiganja kuwa kimekwisha kuinuka, achana na Bluetooth, tumia waya. Kwa muziki wa kusikiliza tu kasoro hiyo haina athari, ila kwa video ya dansi inaharibu kila kitu.

La tatu ni umbo la picha. Video za zamani za televisheni zilikuwa karibu na mraba, na projekta nyingi huzivuta ziujaze ukuta mpana, mwimbaji akaonekana mfupi na mnene. Zirudishe kwenye uwiano wa 4 kwa 3 na ukubali weusi ubaki pembeni. La nne ni kiwango cha sauti: rekodi ya mwaka 1965 huwa ya chini sana ikilinganishwa na video ya Bongo Fleva ya juzi, kwa hiyo cheza nusu dakika ya kila kazi, andika kwenye karatasi namba ya kitufe cha sauti inayofaa, na uibandike karatasi hiyo kando ya kompyuta.

Weka kazi zote kwenye folda moja, majina yakianza na 01, 02, 03 kwa mfululizo wa jioni, na nakala ya pili kwenye flashi. Usitegemee intaneti ya ukumbini. Kuhusu umeme, kama jenereta ipo iwashwe mara moja siku ya jaribio, na iwekwe mbali na dirisha lililo karibu na spika.

Hatua ya 8: Endesha jioni

Kila aliyeleta kazi aitangulize kwa dakika moja au mbili, akitumia ile sentensi aliyokuandikia. Ataje jina la kazi, mwaka kama unajulikana, na majina ya waliohusika zaidi ya yule anayeonekana mbele: mpiga gita la solo, mpiga fidla, mtunzi wa mashairi, mwelekezi wa dansi, mwongozaji na mhariri. Wimbo ukishaanza asiongee juu yake. Shauku humfanya mtu atake kusema “sikilizeni hapa, hapa sasa!”, na wenzake wakasikiliza sauti yake badala ya gita.

Baada ya kila kazi, ruhusu dakika tatu za maoni, lakini usilazimishe. Zipo kazi zinazohitaji kimya, na ipo miziki ambayo jibu lake pekee la maana ni watu kuinuka. Mzee akiinuka wakati wa chemko, usisimamishe wimbo ili urudi kwenye ratiba. Kata mazungumzo yanayofuata.

Hatua ya 9: Tuma orodha

Kesho yake watumie waliohudhuria orodha ya kazi zote kwa mfululizo zilivyochezwa, ikiwa na majina ya wasanii, urefu, na mahali pa kuzipata au kuzinunua kihalali. Faili ulizopewa na watayarishaji kwa ajili ya onyesho usizisambaze. Zifute au uzirudishe kama mlivyokubaliana, na umwandikie kila mtayarishaji watazamaji walikuwa wangapi na walisema nini kuhusu kazi yake.