Dakika Moja kwa Wiki: Kufundisha Kiingereza kwa Simu Chuoni Lamu

Wanafunzi wangu wengi wanasomea hoteli na utalii. Sarufi ya Kiingereza wameisoma tangu shule ya msingi, na wanaijua. Kilichokosa mazoezi ni mdomo. Darasa langu lina watu thelathini na sita, na kipindi ni saa moja: hata nikinyamaza kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna atakayepata dakika mbili za kuzungumza. Simu naitumia kuziba pengo hilo tu. Mwalimu mwenzangu, ukitaka kujaribu, mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Hesabu simu kabla ya kuchagua programu

Waulize nani ana simu janja, nani anatumia ya dada yake, nani ana kabambe (simu ya vitufe isiyo na WhatsApp), na bando hununua la siku au la wiki. Mimi sikuuliza. Niliwapakulisha programu moja nzuri, yenye michezo na alama, lakini ilitaka intaneti kila dakika. Kufika Jumatano bando zimekwisha, na waliobaki wakicheza ni watatu ambao nyumbani kwao kuna waifai. Nikarudi kwenye WhatsApp, ambayo wote wenye simu janja walikuwa nayo. Rekodi ya sauti ya dakika moja haifiki megabaiti moja. Mwenye kabambe hurekodi kwa simu ya mwenzake, akianza kwa kutaja jina lake.

Hatua ya 2: Usifungue kikundi

Kikundi huonyesha namba ya kila mtu kwa kila mtu, na mji wetu ni mdogo. Wako mabinti ambao hawataki namba zao zizagae, na wana haki. Isitoshe, wiki ya pili kikundi hugeuka baraza: dua, matangazo ya samaki, picha za harusi. Tengeneza orodha ya matangazo ya WhatsApp (“broadcast list”). Ujumbe wako unamfikia kila mmoja faraghani, na jibu lake linakuja kwako peke yako. Sharti ni moja: kila mwanafunzi awe amehifadhi namba yako, la sivyo ujumbe haumfikii. Hakikisheni hilo mkiwa darasani.

Hatua ya 3: Toa swali ambalo jibu lake liko mtaani

Swali la wiki ya kwanza huwa hili: mgeni ameshuka mashua kwenye jeti, yaani gati la mji, akitokea uwanja wa ndege wa Manda, mweleze namna ya kwenda Ngomeni, kwenye ngome kongwe ya Lamu. Wiki ya pili mgeni keshafika, anataka historia. Hapo nawapa miaka tu: ujenzi ulianza 1813, ukamalizika 1821, na jengo likatumika kuwa jela hadi 1984. Sentensi watunge wenyewe. Bila kutajiwa jina la somo, wanajikuta wanahitaji “was built” na “was used as”, na wanazihitaji kweli kwa sababu kazi ya kuongoza wageni ndiyo wanayoitafuta.

Dakika moja, bila karatasi. Anayesoma utamjua: anakwenda kama mtangazaji wa taarifa ya habari, hapumui. Siku hizi wengine huandikiwa na akili mnemba kisha wakasoma. Dawa yangu ni kuwaambia wataje, katikati ya maelezo, kitu kimoja wanachokiona hapo walipo. Kijana mmoja alirekodi akiwa ukingoni mwa bahari, punda akalia palepale kwenye “on your left”. Akacheka, akasema “sorry, that is our taxi”, akaendelea. Hiyo “sorry” haikuandikwa na mtu.

Hatua ya 4: Sikiliza upesi, sahihisha kidogo

Hapa ndipo nilipoharibu zaidi. Muhula wa kwanza nilisikiliza rekodi zote thelathini na sita usiku mmoja, nikamrudishia kila mmoja orodha ya makosa. Wiki iliyofuata nilipata rekodi kumi na moja. Sasa nasikiliza zote kwa kasi ya moja na nusu, lakini wanaojibiwa ni tisa kwa wiki, kwa zamu. Jibu langu ni la sauti, sekunde ishirini: jambo moja lililonifurahisha, kosa moja la kurekebisha.

Kosa lipi? Chagua linalompoteza msikilizaji. Mwanafunzi mmoja alimsimulia bibi yake anayesuka mikeka: “My grandmother, he makes mats.” Baada ya sentensi tatu, mgeni angedhani anayezungumziwa ni babu. Kosa hili tunalo sote, kwa sababu “yeye” wetu haulizi mume wala mke. Hilo nalisahihisha. Lafudhi siigusi. Sisi Waamu tunasema “mato” pale wengine wanaposema “macho”, na hakuna anayetuambia tumekosea Kiswahili.

Hatua ya 5: Kibodi ya sauti iwe msikilizaji mkali

Kwenye kibodi ya simu kuna alama ya maikrofoni. Chagua lugha ya Kiingereza, ikiwapo ya Kenya chagua hiyo, kisha mwanafunzi aseme na simu iandike. Waanze na neno mojamoja: “live” na “leave”, “ship” na “sheep”. Sentensi nzima huwaficha, kwa kuwa simu hubahatisha kutokana na maneno ya jirani. Neno likiwa peke yake, halina pa kujificha.

Mwanafunzi wa utunzaji vyumba alisema “sheet”, shuka, kwa irabu fupi. Simu ikaandika herufi moja na nyota tatu. Alinionyesha: “Mwalimu, mbona imeficha?” Nilimweleza kwa sauti ya chini. Tangu siku hiyo irabu hiyo anaivuta hadi kijiji cha Shela.

Jambo ambalo kibodi haikamati vizuri ni mkazo. Sisi tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho, basi “vegetable” inatoka “vejiTEbo”, na mara nyingi simu inaelewa tu. Mgeni wa kutoka London huenda asielewe. Hilo lifundishe mwenyewe, kwa kupiga makofi.

Hatua ya 6: Rudisha sauti darasani

Omba ruhusa ya mwenye rekodi, chagua mbili, zichezeshe kwa spika ndogo ya betri, maana umeme una siku zake. Rekodi za wiki ya kwanza zihifadhi kwenye kompyuta, kwani simu hupotea. Wiki ya kumi rudia swali lilelile.

Yule wa bibi na mikeka alirudi na “My grandmother, he... she makes mats.” Alijikamata mwenyewe katikati ya sentensi, na alama nilimpa kwa kule kujikamata.