Mboji ya bayodainamiki Dodoma: izike, usiianike

Hapa Veyula nimeona watu wakihangaika na shimo la mboji miezi mitatu, halafu siku ya kuitumia wanaimwaga juu ya tuta saa sita mchana na kuondoka. Kufika jioni imekauka kama ugoro na upepo umeshabeba nusu. Inaniuma sana. Kwetu mboji inazikwa.

Kwanza hakikisha imeiva. Chota konzi moja uifinye. Ikishikamana bila kuchuruzika maji, na ukiinusa inanukia udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza, iko tayari. Ukisikia harufu kali ya mkojo wa zizini, au ukiingiza mkono katikati ukakuta joto, ifunike tena kwa viroba usubiri. Mwaka mmoja sikusubiri, nikapoteza miche 40 ya nyanya ndani ya wiki moja.

Rudolf Steiner, Mwaustria aliyeanzisha kilimo cha bayodainamiki, kilimo cha mboji na samadi bila kemikali za viwandani, kwa mihadhara yake ya mwaka 1924, alielekeza lundo litiwe dawa sita za mimea, zikiwemo za kamomili na gome la mwaloni. Mimea hiyo bustanini kwangu sina. Niliwahi kupewa dawa hizo, nikatia shimo moja na jingine nikaliacha. Mchicha wa pande zote mbili ulitoka sawa. Ninachokishika kwa mikono miwili ni fundisho lake kwamba shamba ni mwili mmoja: samadi ya ng'ombe wangu inalisha tuta, na mabua ya mtama yanamrudia ng'ombe.

Sasa tuta. Usiliinue kama wanavyofanya kwenye mvua nyingi. Chimba tuta mbonyeo, uso wake uwe chini ya ardhi kwa sentimita 10 hivi, ili kila tone la maji likae humo. Upana uwe mita moja, ufikie katikati bila kukanyaga. Mimi naweka ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za urefu, nachanganya na udongo wa juu kina cha jembe moja, namwagilia, kisha nafunika kwa nyasi kavu siku hiyo hiyo. Fanya kazi hii jua likishazama, au alfajiri.

Nyanya na bilinganya zinataka shimo lao: konzi mbili za mboji, changanya na udongo, ndipo uweke mche. Mboji isiguse mizizi ikiwa peke yake.

Kama kisima chako kina maji ya chumvi kama changu, usiongeze samadi mbichi juu ya mboji, kwa kuwa nayo ina chumvi yake. Ukiona utando mweupe juu ya udongo, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, maji yashuke chini.

Maua yakianza kutoka, fukua duara umbali wa shubiri moja kutoka kwenye shina, tia konzi moja, fukia, rudisha nyasi, kisha mwagilia.