Ombi la ruzuku ya filamu: anza na kalamu juu ya skripti

Nimeomba ruzuku mara nyingi, na mara nyingi nimenyimwa. Utaratibu ninaoufuata sasa ni huu, hasa kwa mtayarishaji anayefanya kazi mbali na jiji kuu.

Hatua ya 1. Soma masharti. Mfuko wa uandishi haulipii kamera, na wa uhariri haulipii kushuti.

Hatua ya 2. Pata haki za hadithi kwa maandishi. Hata kama skripti kaandika rafiki yako wa damu, asaini.

Hatua ya 3. Pitia skripti nzima ukiwa na kalamu, utie alama kila kitakachohitaji pesa. Ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, lakini kurasa hazilingani kwa gharama. Niliwahi kuombea filamu yenye sini (tukio) ya mvua kubwa usiku, na bajeti haikuwa na pampu wala jenereta. Swali la kwanza la jopo linalochambua maombi: "Mvua mtaileta na nini?" Sikuwa na jibu.

Bajeti itoke kwenye alama hizo za kalamu. Kama vifaa unakodi jijini, siku za njiani nazo zinalipiwa. Mafundi watalala wapi, watakula nini? Wengi wetu huficha gharama hizi ili bajeti ionekane nyepesi, kumbe msomaji mzoefu akiona watu 15 hawana malazi, anajua hujapanga. Weka fungu la dharura. Asilimia 10 ni kawaida. Usisahau kuchanganya sauti na kusahihisha rangi.

Hatua ya 4. Kwenye mpango wa fedha, tenga zilizothibitishwa na zinazotarajiwa. Mazungumzo ya simu si uthibitisho. Barua iliyosainiwa ndiyo.

Hatua ya 5. Sasa andika hadithi kwa sentensi moja. "Filamu kuhusu upendo na matumaini" haisemi kitu. Jaribu hivi: "Mkunga mstaafu anazalisha kwa siri baada ya zahanati kufungwa kwa amri aliyoisaini binti yake." Maelezo ya mwongozaji aandike mwongozaji mwenyewe, ukimwandikia, kwenye usaili atakwama.

Hatua ya 6. Linganisha karatasi zote. Ratiba ikisema siku 24 na bajeti ikalipa 18, ombi limejipinga lenyewe. Kisha mpe mtu asiyeijua hadithi asome, akusimulie. Anapobabaika, rekebisha hapo, utume siku moja kabla ya mwisho.