Isome Komoro kwa maji yake: mwongozo kwa msafiri

Kabla hujakata tiketi, tafuta ramani inayoonyesha visiwa vyote vinne. Muungano wa Komoro unatawala vitatu: Ngazija, Nzwani na Mwali. Cha nne, Maore, ambacho Wafaransa hukiita Mayotte, kiko chini ya Ufaransa. Hata hivyo bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, na katiba yao inavitaja vinne vyote. Msafiri anayefika na vitatu kichwani hupishana na wenyeji tangu mazungumzo ya kwanza ndani ya teksi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Unguja, na bibi yangu mzaa mama ni mzaliwa wa Itsandra, kisiwani Ngazija. Jamaa na majirani wanaokwenda Komoro, wengine kwa harusi, wengine kwa matembezi tu, hunipitia kuniuliza waanzie wapi. Huwaambia wote jambo moja: kila kisiwa utakachoshuka, uliza kwanza maji yao yanatoka wapi. Jibu litakupa historia ya pale kuliko orodha yoyote ya masultani.

Sababu iko ardhini. Visiwa hivi vimejipanga kwenye mlango wa kaskazini wa Mkondo wa Msumbiji, kati ya Msumbiji na Madagaska, na vyote vimezaliwa na volkano. Vya kusini mashariki ndivyo vikongwe: Maore ina umri wa mamilioni ya miaka, imechakaa, imeshuka, na imezungukwa na wangwa mpana wenye kizingiti cha matumbawe. Ngazija, kaskazini magharibi, ndiyo changa, na mlima wake bado unawaka. Mwamba mchanga una matundu na nyufa, mvua yote hupotelea chini. Mwamba wa zamani umeoza ukawa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo hushika maji, ukafanya mito. Kwa hiyo Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote, chenye mvua nyingi ajabu upande wa magharibi, hakina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Litie hilo kichwani kabla ya kushuka uwanja wa Hahaya. Kutoka Dar es Salaam ndege huchukua saa moja na ushei.

Ukitoka uwanjani kwenda Moroni utaona mawe meusi ya lava yamefika hadi baharini. Angalia mabirika ya saruji nyuma ya nyumba na kando ya misikiti. Watu wengi wameishi kwa maji hayo ya mvua vizazi na vizazi, kwa sababu visima vya pwani hutoa maji ya chumvichumvi. Mlima Karthala ulipolipuka mwaka 2005, mara mbili mwaka huo huo, majivu yaliingia kwenye mabirika na maji ya vijiji vingi yakaharibika. Ukikaa kwa mtu, oga kwa kopo na ndoo, funga bomba, wala usingoje kuambiwa.

Karthala yenyewe ina mita 2,361, na shimo lake la juu lina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi. Inapandika bila kamba wala ujuzi wa milima, lakini nenda na mwenyeji anayeijua njia na mlale huko juu, kwani kwenda na kurudi siku moja ni kujichosha bure na ukungu hufunga mchana. Chukua nguo za baridi. Maji ya safari nzima ubebe mwenyewe toka chini. Huko juu hakuna chemchemi wala kijito. Nenda wakati wa kusi, Mei hadi Oktoba. Kashkazi huleta joto, mvua nyingi na mara nyingine kimbunga: Kenneth kilipita hapo Aprili 2019.

Moroni mjini, anzia msikiti wa kale wa Ijumaa ulio kando ya bandari ndogo, karibu na mtaa wa Badjanani. Ni wa mwaka 1427. Kisha ingia vichochoroni kwa miguu. Mtu wa Mji Mkongwe au Lamu atajiona yuko kwao: milango ya nakshi, baraza, wazee wakicheza bao. Soko la Volo-volo liache mpaka asubuhi ya pili, ukiwa umekwisha pumzika.

Ngazija haikuwahi kuwa na mfalme mmoja kwa muda mrefu. Bambao, Itsandra, Badjini, Mitsamiouli, kila upande ulikuwa na sultani wake, na aliyewazidi wenziwe kwa nguvu aliitwa tibe. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 kwa miongo kadhaa, mitumbwi ya wavamizi kutoka Madagaska ilikuja kuteka watu na kuwauza utumwani. Kuta za miji unazoziona Itsandra na Ntsoudjini ni kumbukumbu ya woga huo. Iconi, kusini kidogo mwa Moroni, wenyeji watakuonyesha jabali ambalo wanawake walijitupa kutoka juu yake wasichukuliwe. Ukipelekwa pale, simama, sikiliza, weka simu mfukoni kwanza.

Mfaransa aliingia kwa mlango wa mashamba. Mwaka 1885 Sultani Said Ali wa Bambao alitia saini mkataba na mtaalamu wa mimea Léon Humblot, na kampuni ya huyo bwana ikajitwalia sehemu kubwa ya ardhi ya kisiwa. Mwaka uliofuata, 1886, Ngazija, Nzwani na Mwali vyote vilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa. Maore walikuwa wameshainunua tangu 1841. Hiyo tofauti ya miaka 45 ishike, tutairudia.

Jambo jingine la Ngazija ni anda, harusi kubwa. Mwanamume hahesabiwi mtu mzima kamili mbele ya mji mpaka aitimize: ng'ombe, dhahabu, karamu za siku nyingi, fedha za kutunza. Wapo wanaoweka akiba huko Marseille, Ufaransa, miaka mingi kwa ajili ya hiyo. Ali Soilih alipotawala, 1976 hadi 1978, alijaribu kuipiga marufuku, na anda ikabaki baada yake. Msimu wake ni Julai na Agosti, jamaa wa Ufaransa wanaporudi, ndege zinajaa na bei ya kila kitu inapanda. Ukialikwa, nenda. Vaa vizuri: wanaume kanzu na kofia, wanawake mtandio au leso nzuri. Kaa unapoonyeshwa, kwa sababu uwanjani, kwenye bangwe, kila rika lina mahali pake na kiti kilicho wazi huenda kina mwenyewe. Fahamu pia kwamba nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, na mume ndiye anayehamia. Basi ukimshukuru mwenye nyumba kwa malazi, mshukuru mama.

Ngazija nimekaa nayo sana kwa sababu ndiko wengi wanakoishia, nami nasikitika wanapoishia huko. Vukeni Nzwani.

Nzwani ni majabali na mabonde, na kilele chake, Ntringui, kina mita 1,595. Hapa maji yalikuwa mengi, na maji ndiyo yaliyokuza miji yake. Katika karne ya 17 na ya 18 merikebu za Kiingereza zikielekea India zilitia nanga hapa kuteka maji, kununua nyama, ndimu na machungwa, na mabaharia waliougua kupona pwani. Wao walikiita kisiwa Johanna. Masultani wa Mutsamudu, mji mkuu wa kisiwa, walijua kuitumia biashara hiyo. Mizinga iliyomo ndani ya ngome juu ya mji ni alama ya urafiki huo. Panda ngazi za ngome mapema, jua halijawa kali. Juu utaona mji mzima, mapaa yamekaribiana kiasi kwamba vichochoro havionekani, na bandari iliyo mbele yake.

Kisha toka mjini uende mabondeni kutafuta mito. Mingi iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka au imekufa kabisa. Misitu imekatwa kwa mashamba, kwa kuwa kisiwa kina watu wengi mno kwa ukubwa wake wa kilomita za mraba 424, na imekatwa kwa kuni za kupikia mafuta ya langilangi. Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakuu duniani wa mafuta hayo yanayokwenda kwenye viwanda vya manukato. Uliza mtambo uliko karibu, ufike asubuhi wakati maua yanapoletwa, maana huchumwa alfajiri kabla jua halijayapotezea harufu. Watu huwa radhi kukuonyesha. Ukinunua chupa, nunua hapo hapo kwa wanaopika, na uwaulize kuni wamezipata wapi. Swali hilo wanajiuliza wenyewe kila siku.

Domoni, upande wa mashariki, ndiko alikozaliwa Ahmed Abdallah, aliyetangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975 na akapinduliwa kabla mwezi haujatimia. Mwaka 1978 alirudishwa na askari wa kukodiwa wa Mfaransa Bob Denard, na Novemba 1989 akauawa ndani ya ikulu yake. Upande huo wa kisiwa ndiko pia wavuvi walikovua, mwaka 1952, samaki wanayemwita gombessa. Wanasayansi waliamini jamii yake ilitoweka enzi za madinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa Nzwani ndiye aliyekuwa wa pili kuwafikia.

Ukiwa Mtanzania, jiandae kwa swali la mwaka 2008. Nzwani na Mwali vilijitenga mwaka 1997. Mapatano ya Fomboni, mji mkuu wa Mwali, ya Februari 2001 yakaleta katiba ya kupokezana urais kisiwa kwa kisiwa, utaratibu uliobadilishwa kwa kura ya maoni ya 2018. Lakini Kanali Mohamed Bacar, rais wa kisiwa hicho, aling'ang'ania Nzwani, na Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo askari wetu wa Tanzania, yalishuka na kumwondoa. Wapo watakaokushukuru na wapo watakaonyamaza. Usibishane. Kuna kumbukumbu nyingine unayoweza kuitaja kwa furaha: chama cha ukombozi wa Komoro, MOLINACO, kilifanya kazi zake Dar es Salaam miaka ya 1960. Na ukiwa na mtu wa dini, mtaje Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Zanzibar aliyefariki mwaka 1925. Alizaliwa Itsandra mwaka 1861.

Mwali ndicho kidogo kuliko vyote, na ndicho ninachokipenda. Watu ni wachache, misitu ipo, vijito vinasikika ukiwa barabarani. Historia yake ishike kwa jina moja: Jumbe Fatima, malkia aliyerithi kiti akiwa mtoto kutoka kwa baba yake Ramanetaka, mtoto wa ukoo wa kifalme aliyekimbia Madagaska baada ya kifo cha Mfalme Radama wa Kwanza mwaka 1828. Wafaransa na watu wa Sultani wa Zanzibar walivutana juu ya huyu binti maisha yake yote.

Siku zako Mwali zigawe sehemu mbili. Nioumachoua kusini, mkabala na visiwa vidogo vilivyo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2001. Na Itsamia mashariki, ambako kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Wanakijiji ndio walinzi wao. Lipa ada wanayokuambia, fuatana na kiongozi wao, nenda bila tochi nyeupe wala mwanga wa kamera, na usimsogelee kasa kabla hajaanza kutaga, kwani hugeuza akarudi majini. Mchana, panda msituni kutafuta popo wa Livingstone, mweusi, mabawa yake yakikunjuliwa yanazidi mita moja. Anapatikana Mwali na Nzwani tu. Chakula usiulize hoteli, uliza nyumba: ndizi za nazi, mataba ya kisamvu, samaki wa kuchoma na pilipili ya putu.

Fedha ni faranga ya Komoro, iliyofungwa kwa euro: euro moja ni faranga 492 hivi. Beba euro taslimu, hasa kwa Mwali. Baina ya visiwa, ndege ndogo huahirishwa mara kwa mara, basi usipange kurudi Ngazija siku ile ile ya ndege yako ya nyumbani.

Sasa Maore. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vyote kwa jumla vilitaka uhuru kwa zaidi ya asilimia 90, lakini Maore, iliyokuwa na Ufaransa miaka 45 kabla ya wenziwe, ilikataa kwa karibu asilimia 64. Ufaransa ikahesabu kisiwa kwa kisiwa, ikabaki nayo, na tangu 2011 ni mkoa wake kamili. Hadi mwaka 1995 mtu wa Nzwani aliweza kuvuka kwenda kwa shangazi yake bila viza. Mwaka huo ikaja viza, na tangu hapo watu huvuka kwa siri usiku kwa mashua ziitwazo kwassa-kwassa, mwendo wa kilomita 70 hivi. Maelfu wamezama, na karibu kila ukoo Nzwani una jina la kutaja. Usilifanye hilo gumzo la mezani, wala usimpige picha mtu ufukweni upande huo wa kisiwa.

Nawe usipande kwassa, hata ukiambiwa bahari imetulia. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Ufaransa inayoitaja Mayotte waziwazi. Ile ya kawaida ya Schengen haikufikishi huko. Iombe ubalozi wa Ufaransa kabla hujaondoka nyumbani.