Jinsi ya kumweleza mzee kwa nini mshipa wa moyo unaziba

Nafundisha Baiolojia kidato cha tano na sita hapa Moshi, lakini somo lililonitoa jasho kuliko yote nilimfundisha baba yangu, nyumbani Kibosho. Alikuwa ameacha vidonge vya kupunguza kolesteroli. "Mimi mafuta sili. Mshipa utazibwa na nini?" Kama una mzee wa namna hiyo, weka simu mfukoni, mpeleke kwenye mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba.

Simameni pale mfongo unapogawanyika. Mkondo ulionyooka, mawe ya chini yanaonekana. Penye kona maji yanajizungusha, matope na majani ya migomba yanabaki. Ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, nazo huanza kuugua penye panda na kona. Ila mwambie mapema kwamba matope hutuama yenyewe, wakati kwenye mshipa kuna anayetoa amri. Hapo usipite haraka.

Seli zilizotandikwa ndani ya mshipa zina jeni kwenye kiini, na zina protini za kuwasha na kuzima jeni hizo. Damu ikipita imenyooka, protini iitwayo KLF2 hutuliza mambo. Penye kona KLF2 hupungua, na protini ya kuwasha iitwayo NF-kB ndiyo inayopata nguvu. Kwa kawaida NF-kB hukaa nje ya kiini, imefungwa na protini nyingine. Nilimwonyesha baba mbwa wetu: mchana yuko kwenye mnyororo. LDL, yaani chembe zinazobeba kolesteroli kwenye damu, iliyopenya ukutani mwa mshipa ikaharibika, au moshi wa sigara, hukata mnyororo. NF-kB ikishaingia kwenye kiini huwasha jeni za kinga, na seli huota vishikizo vinavyonasa seli nyeupe za damu zinazopita. Hizo huingia ukutani, hugeuka makrofaji, yaani seli walaji, humeza LDL mpaka zinajaa mafuta, hufia humo humo, na nyingine huitwa. Mrundikano huo hufanya uvimbe ukutani; ukipasuka, damu huganda juu yake na mshipa unaziba.

Baba alikaa kimya, kisha akauliza, "Kumbe ni askari wangu mwenyewe?" Swali hilo likija, jua ameelewa.

Sasa mwahi kabla hajanunua dawa za kuongeza kinga. Kinga yake haijapungua, imewashwa ikakosa wa kuizima. Akisema basi izimwe, mweleze utafiti wa CANTOS wa mwaka 2017: wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, na sindano ya canakinumab inayozuia interleukini-1 beta, protini ambayo seli za kinga huitumia kuitana. Mashambulio yalipungua bila LDL kushuka, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka. Kwa hiyo si kitu cha kuombaomba.

Kidonge chake chapunguza LDL, ile inayokata mnyororo. Na kolesteroli nyingi hutengenezwa na mwili wenyewe, hasa ini, hata kwa mtu asiyegusa mafuta. Msisitizie hili mara mbili, maana ndilo jibu la swali lake la kwanza.

Mwisho mpangie saa ambayo hataisahau. Baba anameza chake usiku, akishamfungulia mbwa.