Kutoka Tabora hadi mapango ya Amboni na maji moto ya Galanos

Huku kwetu Unyamwezi mawe ni itale, na itale haiyeyuki kirahisi kwa mvua. Mawe ya chokaa huyeyuka, ndiyo maana mapango haya yako Tanga. Vikundi ninavyovipeleka huenda hivi.

Hatua ya 1: Mwezi. Sisi tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Tanga wana masika na vuli, na Mei, sisi tukiwa tumeshasahau matope, kule ndiyo inanyesha kwelikweli. Nendeni Julai au Agosti.

Hatua ya 2: Njia. Itigi, Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze, Segera, Tanga. Laleni Morogoro. Anayefika amechoka ndiye wa kwanza kudai kutoka pangoni.

Hatua ya 3: Amboni iko kama kilomita 8 kaskazini mwa mji. Kodini bajaji ya kwenda na kurudi, na mtaje Galanos mapema mnapopatana bei. Lipeni kiingilio, mchukue mwongozaji.

Hatua ya 4: Pangoni. Vaa raba zenye meno na tochi ya kichwani. Simu haifai, kwani kuna sehemu za kuinama na kushika ukuta kwa mikono yote miwili. Weka tochi ya akiba mfukoni. Kinyesi cha popo kina vumbi baya, kwa hiyo barakoa ni lazima, na mwenye pumu abaki nje. Hapo huwa sibembelezi mtu. Mawe yanayoning'inia yamejengwa tone kwa tone na maji yenye chokaa, na mafuta ya vidole huyaharibu: usiguse. Mtapita pia mahali pa mizimu, penye sadaka za watu. Piteni kwa heshima, bila kupiga picha. Mkisikia hadithi ya njia inayotokea Kilimanjaro, sikilizeni, ni tamu. Ila wapimaji wa mwaka 1994 walikuta pango refu kuliko yote lina mita 900.

Hatua ya 5: Galanos, baada ya pango, mkiwa na vumbi la kuoga. Harufu ya yai viza ni ya salfa. Vua pete na cheni za fedha, zitageuka nyeusi. Pima joto kwa mkono kwanza. Mjamzito na mwenye presha waoshe miguu tu. Wengi huyasifu maji haya kwa ngozi, lakini kidonda kibichi kipeleke zahanati. Nguo zilizolowa zitie kwenye ndoo yenye mfuniko: salfa hainuki kidogo, na basi la kurudi Tabora lina abiria wengine.