Ukitaka kuandika tufani, anza na mwezi

Karibu kila mswada wa hadithi fupi unaonifikia una mvua ndani yake. Mhusika kafiwa, mvua inanyesha. Kaachwa na mumewe, ngurumo. Karudi nyumbani salama, jua linachomoza. Mimi ni mtu wa Wete, Pemba, mtoto wa mvuvi, na kazi yangu ni kuhariri. Naipenda mno hali ya hewa katika hadithi, ndiyo maana inaniuma kuiona imetundikwa nyuma ya wahusika kama pazia la jukwaani. Haya ndiyo ninayowaambia waandishi ninaofanya nao kazi.

Mwezi gani, na wapi?

Kabla hujaandika tone la kwanza, chukua karatasi ya pembeni ujibu maswali hayo mawili. Pwani yetu kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili, hukaza Juni na Julai. Katikati kuna siku ambazo mabaharia huziita tanga mbili, upepo haujashika upande mmoja. Jahazi la tanga likitoka Maskati haliwezi kuletwa Unguja na upepo wa Julai, maana Julai upepo uko usoni mwake. Nimeyapokea majahazi ya namna hiyo mara nyingi kwenye miswada, na kila mara mimi huzirudisha kurasa, hata kama sentensi ni nzuri. Msomaji aliyekulia Tumbe au Kizimkazi akiona upepo umekosewa, hatakuamini tena hata utakapomwandikia mapenzi.

Bara nako kuna hesabu yake. Masika na vuli ni za pwani na kaskazini. Ukimpeleka mhusika wako Songea au Dodoma, huko mvua ina msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili hivi. Ukimpeleka Makete mwezi Juni, baridi ya usiku inaweza kuunguza majani ya viazi mpaka yakawa meusi asubuhi. Mkulima anayetoka nje na kuyakuta hivyo tayari ni mwanzo wa hadithi, huna haja ya kuongeza ngurumo.

Mwezi wa angani na maji ya bahari havitengani

Hapa waandishi wengi huteleza, hata wa pwani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bahari huwa bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku za nusu mwezi ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Kwetu Unguja na Pemba, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne. Kina mama wa mwani wanaijua ratiba hii kuliko saa ya ukutani. Basi huwezi kumweka mama kwenye shamba lake la mwani akifunga kamba huku mwezi mpevu ukichomoza mashariki. Jioni hiyo shamba liko chini ya maji.

Ukishaijua ratiba hiyo, inakuletea matukio yenyewe. Mhusika anayetaka kutoroka usiku kwa mashua wakati wa bamvua ana muda mfupi tu ambao chombo kinaelea. Akichelewa, kimekaa juu ya mchanga, na kila mtu kijijini atakiona kukicha.

Iandike kwa mikono ya watu

Soma hii kwanza, ni ya namna ninayoipokea kila wakati:

*Tufani kali ilivuma kwa ghadhabu. Mawimbi makubwa yalilipiga dau bila huruma. Abiria walilia kwa hofu kuu. Mauti yaliwanyemelea.*

Hakuna mtu humo ndani. Kuna sifa tu: kali, makubwa, kuu. Sasa tuliweke dau hilo mahali: limetoka Kilindoni, Mafia, linaelekea Nyamisati, limebeba nazi, ni mwezi wa Mei.

*Upande wa kusini kulikuwa na mstari mweusi juu ya maji, na chini yake bahari ilikuwa nyeupe. Nahodha hakusema kitu, alilegeza demani. Upepo uliokuwa ukiwapiga bega la kushoto ukakatika. Tanga likapwaya. Harufu ya mvua ikafika kabla ya mvua. "Tueni!" Vijana wawili wakairukia henza, lakini kamba ilikuwa imelowa na fundo halifunguki. Mwanamke aliyekaa juu ya magunia ya nazi akachukua ndoo bila kuambiwa, akaanza kufua maji huku akihesabu kwa sauti. Alipofika arobaini akaanza tena moja.*

Sijaandika neno hofu hata mara moja. Iko kwenye fundo, iko kwenye hesabu ya yule mama. Nahodha asiyesema kitu anatuambia ameyaona haya kabla, na vijana wanatuambia hawajayaona. Bahari imekuwa na upande, upepo umekuwa na upande, kwa hiyo msomaji anajua mkong'oto utatokea wapi. Sehemu ninayoipenda zaidi ni pale upepo unapokatika. Ukimya huo wa muda mfupi kabla ya mvua ya mkupuo una nguvu kuliko kelele zote zitakazofuata, na wengi huuruka.

Ukitumia maneno ya chombo, kama demani, henza, foromali na joshi, usisimame kuyafafanua. Mpe mtu ayashike mkononi, msomaji wa Kigoma ataelewa kwamba ni vifaa vya tanga na kwamba ni muhimu.

Kuhusu radi: umeme huonekana kwanza, ngurumo hufuata, na kila sekunde tatu za kusubiri ni kama kilomita moja. Itumie kupanga mwendo wa aya. Mwanzoni mama anamaliza kufunga dirisha na kumfunika mtoto ndipo ngurumo inafika. Baadaye anafunga dirisha tu. Baadaye mkono wake bado uko kwenye komeo. Msomaji ataisikia radi ikisogea bila wewe kumwambia.

Ziwa Victoria halina tabia za bahari, usilikope Zanzibar. Huko mvua za radi hupenda usiku, kwa sababu pepo za nchi kavu kutoka kingo zote hukutana juu ya maji. Usiku huohuo ndio wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao, tena usiku wa giza, kwa kuwa mwezi mpevu huharibu kazi ya taa. Mwandishi wa Ukerewe ana kisa tayari hapo: kazi na hatari zimepangwa saa ileile.

Mvua imzuie mtu kufanya jambo

Watu huniuliza kama ni kosa mvua kuwa ishara. Si kosa. Lakini kabla haijawa ishara iwe mvua kwanza: ifunge barabara, iozeshe mahindi, imcheleweshe mkunga.

Chukua mfano wa kwetu. Msimu wa karafuu, zimeanikwa juani kwenye majamvi mbele ya kila nyumba. Mzee amefariki, watu wamekusanyika, jeneza liko tayari kutoka. Wingu linatokea. Karafuu zikilowa zinaharibika na bei inashuka, na kwa familia nyingine hiyo ndiyo ada ya shule ya mwaka. Nani atanyanyuka kwenda kuzikusanya? Nani atamwona akinyanyuka? Mjane atamtuma mtoto kwa jicho tu, au atakaa? Hapo hujaandika huzuni ya mbingu hata kidogo, na bado wingu limewaweka wote kwenye mizani. Wingu la namna hiyo nalitaka.

Jaribu pia kinyume. Mpe mhusika wako msiba siku ya shwari, maji yametulia, watoto wanaogelea. Mara nyingi inauma zaidi.

Tufani ya kihistoria

Ukiandika kimbunga, kumbuka kwamba kwetu ni adimu, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo. Na kina majira yake. Kile kilichoipiga Unguja kilikuja tarehe 15 Aprili 1872. Kile cha Lindi, Aprili 1952. Hidaya kilifika Mafia mapema Mei 2024. Kimbunga cha Agosti usikiandike.

Ule wa 1872 ni kisima kirefu kwa mwandishi. Uliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuharibu meli za Sultan Barghash bandarini, naye ana mwaka wa pili tu kwenye kiti. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na baadaye ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Siku ya upepo ni kurasa chache. Miaka inayofuata ni kitabu kizima: mwenye shamba akisubiri miche ikue, mwenye deni akibisha hodi, na watumwa, kwa maana utumwa ulikuwa bado haujaondolewa, wakilazimishwa kuanza kupanda upya. Andika asubuhi ya pili, na mwezi wa sita, na mwaka wa tatu. Wengi huishia pale upepo unapotulia, na mimi huwaomba waendelee.

Kama mhusika yuko kwenye theluji

Kwa hili nitakuwa mfupi. Mtu wetu aliyehamia London haoni theluji ya kadi za sikukuu. Anaona giza: katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Anatoka kazini usiku, soksi zimelowa, na swala ya magharibi imeshapita akiwa bado zamu. Anza na soksi.

Kazi ya kufanya

Tafuta mtu mmoja ambaye riziki yake inategemea anga: mvuvi, mama wa mwani, dereva wa bodaboda, mwanika dagaa. Muulize swali moja, "Unajuaje kwamba leo itaharibika?", kisha nyamaza. Andika anachokitazama, anachokinusa, na anachokiondoa nje kwanza. Halafu rudi kwenye mswada wako, futa kila sifa uliyoubandika upepo, na mahali pake weka kimoja kati ya vitu hivyo vitatu. Ukimaliza, msomee aya hiyo kwa sauti yeye mwenyewe. Akikukatiza akikwambia "hapana, hapo angeshatua tanga", rekebisha palepale, mbele yake.